Kuchagua programu ya tovuti ya ushirika: tuanze na seva, na mtu wa kuitunza



Katika mizunguko yetu huku Kabare, Kalehe na kisiwa cha Idjwi, kuna ulizo moja linatufuata kuliko hata mnyauko wa migomba. Komite zinatuuliza: «Tunataka siti ya ushirika wetu kwenye intaneti. Tuweke programu gani?» Sisi ni waagronomu, tulisomea udongo na mimea. Lakini ulizo likiletwa kule shambani halina mtu mwingine wa kulijibu. Kwa hiyo tumekaa na mafundi vijana wa hapa Bukavu, tumezijaribu programu hizo kwa mikono yetu, na somo la namba hii ndilo hilo. Wenye hawana siti wala hawaitaki, wasome angalau sehemu ya majina na ramani, karibu na mwisho. Ile inawahusu hata wao.

Kwanza tuseme sababu ya kuhangaika. Kwa miaka mingi kahawa ya pwani yetu ilivuka ziwa usiku ndani ya mitumbwi kwenda kuuzwa Rwanda, bila jina la mkulima wala la kijiji, na kuna ndugu zetu walizama nayo. Vyama vya ushirika vyenye stasheni za kuosha vilibadilisha hali hiyo, kama Sopacdi ya kule Minova iliyoanza mwaka wa 2003. Leo gunia linatoka likiwa na jina, na mnunuzi wa Ulaya ao wa Marekani akisikia jina hilo, anaanza kulitafuta kwenye telefone yake. Kile anachokuta ndicho uso wenu.

Ushirika mmoja wa pwani ya Kalehe, ambao hatutautaja, ulijengewa siti nzuri kwa feza ya mradi. Mradi ukaisha. Miaka mitatu ikapita. Siku moja mnunuzi akaandika barua pepe ya adabu akiuliza kama ushirika bado upo, kwa maana siti yao ilikuwa inaonyesha matangazo ya kamari. Komite haikuwa na habari. Tulipouliza neno la siri liko wapi, prezida akatazama jeranti, jeranti akatazama katibu, naye mama katibu akasema: «Iko kwa fundi. Na fundi alikwenda Kinshasa.» Domeni, ndiyo ile anwani ya siti, iliandikishwa kwa jina la fundi huyo huyo. Nyumba ilikuwa yao, funguo na hati vilikuwa vya mtu mwingine.

Tulitazama ni programu gani ilikuwa mule ndani. Ilikuwa programu nzuri, inayotumika dunia nzima. Haikupaliliwa tu, kwa miaka mitatu. Kwa hiyo mtu akituuliza «programu gani?», sisi tunaanza na maulizo mawili mengine: itakaa kwenye seva gani, na nani atairudilia kila mwezi?

Ndani ya siti kuna nini

Zamani kila ukurasa wa siti uliandikwa kwa mkono na fundi. Kubadilisha bei ya kilo moja ya kahawa, lazima kumwita. Programu za kuongoza tovuti zilikuja kuondoa shida hiyo: katibu anafungua ukurasa wa ndani kwa neno lake la siri, anaandika habari kama vile anaandika barua, anabonyeza, habari inatoka.

Ili hiyo iwezekane, vitu vitatu vinakaa pamoja ndani ya seva. Kuna ghala la data, mara nyingi MySQL ao ndugu yake MariaDB, linaloweka maandishi yote. Kuna mpishi, yaani lugha ya PHP ambayo programu hizi zimeandikwa nayo, anayechukua maandishi kwenye ghala na kuyapanga. Na kuna mhudumu, Apache ao Nginx, anayepokea mgeni mlangoni na kumpelekea sahani. Kila mgeni akibisha hodi, mpishi anapika upya. Njo maana siti ya namna hii inakula nguvu za mashini kuliko kurasa zilizoandikwa kwa mkono, na njo maana mlango wa jikoni usipofungwa vizuri, mwizi anaweza kuingia na kupika vyakula vyake.

Kupima udongo

Hakuna mwenye anachagua mbegu ya maharagi bila kujua shamba liko kwenye mwinuko gani. Programu nayo inachaguliwa ukiisha kujua seva.

Muungano mmoja wa vyama ulipewa seva ya zawadi, mashini kubwa, nzito, inayovuma kama kinu. Iliwekwa chini ya meza katika biro yao hapa Bukavu, na komite ikataka siti ikae mule. Papa prezida alituambia kwa furaha: «Tuko na seva yetu, hatutalipa mtu.» Tuliketi naye tukapiga hesabu. Tuseme mashini hiyo inakula wati 200. Kwa saa 24 ni wati-saa 4800. Ukitaka jua ndilo liilishe, na ukihesabu saa 4 za jua zuri kwa siku, unahitaji paneli za wati 1200, bila kuhesabu upotevu, bila betri za usiku. Na umeme wa mji? Wote tunajua habari ya Ruzizi: plastiki zinazotupwa ziwani zinashuka mpaka kwenye bwawa, zinaziba mitambo, na kata nyingi zinabaki gizani. Siti ikikaa chini ya meza ile, mnunuzi wa Hamburg ataifungua saa ambayo Bukavu haina moto, naye ataona ukurasa mweupe.

Kuna jambo lingine. Kukaribisha wageni wa dunia nzima ndani ya biro, lazima muwe na intaneti isiyokatika na anwani isiyobadilika, na megabaiti zinazotoka mnalipa ninyi. Tukamwambia Papa prezida mashini ile si bure, ina kazi yake: hesabu za ndani, daftari la uzito wa kahawa, kuhifadhi nakala. Hata kwa kazi hiyo, ordinateri ndogo inayokula wati 10 ingetosha, maana kwa siku nzima ni wati-saa 240 tu, kazi ya paneli moja na betri moja. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama seva inaweza kuuzwa. Hatukuwa na jibu la hilo.

Siti yenyewe ipangishieni nafasi kwenye seva ya kampuni inayofanya kazi hiyo, nchini ao ng'ambo. Nafasi ndogo, ya kugawana na wateja wengine, inatosha kabisa kwa ushirika. Lakini kabla ya kulipa, fundi wenu amuulize muuzaji. PHP yake ni ya namba gani? Ile ya 7.4 iliachwa kurekebishwa na wenyewe mwezi wa 11 mwaka wa 2022. Muuzaji anayewapa hiyo ao ya zamani zaidi anawapa mbegu iliyopita muda wake. Anachukua nakala za akiba mara ngapi, na ninyi munaweza kuziteremsha wenyewe? Cheti cha HTTPS, kile kinacholeta alama ya kufuli kwenye anwani, kimo ndani ya bei? Kiwemo, kwa sababu Let's Encrypt inakitoa bila malipo. Cheti chake kinaisha kila siku 90, kwa hiyo seva lazima ijue kukipyaisha yenyewe. Mwishoni, feza inalipwa namna gani? Tusidharau hilo. Kampuni nyingi za ng'ambo zinataka karta ya benki, na ushirika hauna. Basi fundi ao animatere analipa kwa karta yake, na tayari siti imekuwa yake. Tafuteni muuzaji anayepokea feza kwa telefone ao kwa benki, hata kama bei yake imezidi kidogo. Risiti iandikwe jina la ushirika.

Domeni vilevile. Ushirika ulioandikishwa kufuata sheria ya OHADA ya tarehe 15 Desemba 2010, ambayo nchi yetu iliingia ndani yake mwaka wa 2012, ni mtu mbele ya sheria: unaweza kumiliki shamba, akaunti ya benki, na domeni. Domeni ya .cd ni ya Kongo, ilichukua nafasi ya ile ya .zr ya wakati wa Zaire. Ya .org ao .com inafanya kazi sawasawa. Muhimu ni anwani ya barua pepe iliyoandikwa kwenye hati: iwe ya ushirika, na watu wawili wa komite waweze kuifungua.

Programu zenyewe

Zote tunazotaja hapa ni huru, kwa leseni inayoitwa GPL. Hakuna mwenye haki ya kukuuzia «leseni ya WordPress». Fundi analipwa kwa jasho lake, na alipwe vizuri.

Tuanze na Joomla, kwa sababu ya jina. Mwaka wa 2005 kikundi cha mafundi waliokuwa wanatengeneza programu iitwayo Mambo hawakuelewana na kampuni ya Australia iliyokuwa na jina hilo. Waliondoka mwezi wa 8, na mwezi wa 9 wakatoa programu yao. Walipotafuta jina walichukua neno la lugha yetu, jumla, wakaliandika kwa namna ambayo Mwingereza ataweza kulitamka: Joomla. Maana waliyotaka ni wote pamoja. Kila tukieleza hadithi hii mkutanoni, watu wanapiga makofi na kusema basi tuchukue hiyo, ni yetu. Polepole. Joomla ina sifa ya kweli: inajua lugha nyingi tangu ndani, bila kuongeza kitu, na ushirika wenye wanunuzi wa Kifaransa na Kiingereza na wanachama wa Kiswahili unahitaji hivyo. Lakini kurasa zake za ndani ni nyingi. Tuliowaona wakijifunza walipotea katika menyu. Tena kuhama kutoka namba kubwa moja kwenda nyingine ni kazi ya fundi kweli kweli: Joomla 3 iliachwa mwezi wa 8 mwaka wa 2023, na wenye hawakuhama wako na nyumba isiyo na mlinzi.

Drupal ilitoka 2001 kwa mkono wa Dries Buytaert, Mbelgiji wa Antwerp. Ni trakta. Taasisi kubwa zinaitumia na ziko na haki. Kumbukeni tu habari moja: tarehe 15 Oktoba 2014 lilitangazwa tundu katika Drupal 7 ambalo mwizi yeyote angeweza kupita. Wiki mbili baadaye, walinzi wa programu hiyo walisema siti yoyote ambayo haikurekebishwa ndani ya saa 7 tangu tangazo ihesabiwe kama imeshaingiliwa. Saa 7! Ni ushirika gani wa kwetu, katikati ya mavuno, wenye fundi wa kuamka saa hiyo hiyo?

SPIP wengi hawaijui, na sisi tunaipenda. Ni ya Wafaransa, ya 2001, iliyotengenezwa kwa ajili ya magazeti na mashirika yanayoandika kwa mikono mingi. Kifaransa ni lugha yake ya kuzaliwa: kurasa za ndani, vitabu vya maelezo, hata maneno ambayo fundi anaandika katika mifano ya kurasa. Kwa katibu aliyesoma kwa Kifaransa hiyo ni nafuu kubwa. Na ina desturi inayofanana na komite zetu: mwandishi anaandika habari, anaipeleka ipimwe, na kiongozi ndiye anayeitoa hadharani. Muungano wenye vyama kumi na waandishi kumi, tunaushauri uitazame SPIP kabla ya nyingine yoyote. Shida ni moja, nayo ni nzito: kati ya mafundi vijana tuliowauliza mjini, walioijua walikuwa wachache sana. Fundi akihama, mwingine atatoka wapi?

Njo tunafika kwa WordPress. Ilianza 2003, Matt Mullenweg na Mike Little wakijenga juu ya programu ndogo ya Mfaransa Michel Valdrighi ambayo ilikuwa imeachwa. Leo zaidi ya 40 kwa 100 ya tovuti zote za dunia ziko juu yake. Kwetu maana yake ni kwamba karibu kila kijana wa informatika hapa Bukavu ameishika, na katibu anaweza kuandika habari kwa telefone. Tangu mwishoni mwa 2013 masahihisho yake madogo ya usalama yanaingia yenyewe, bila kumngoja mtu. Jambo hili kwa ushirika lina bei kubwa kuliko uzuri wa sura.

Ubaya wake unatoka palepale kwenye uzuri wake. Kwa sababu iko kila mahali, wezi wanaijua. Mwezi wa 4 mwaka wa 2013 mashini nyingi sana zilitumwa kubisha kwenye milango ya WordPress duniani, zikijaribu jina la «admin» na maneno ya siri mepesi, moja baada ya lingine. Bado zinabisha mpaka leo. Basi msitumie jina hilo, na neno la siri lisiwe jina la kijiji na mwaka. Tena kuna plagini, vile vipande vya kuongeza: cha picha, cha fomu, cha ramani, cha kuhesabu wageni. Kila kipande kimeandikwa na mtu mwingine, na mtu huyo anaweza kuchoka na kukiacha. Siti ile ya kamari tuliyoitaja ilikuwa na plagini 23. Tukauliza zinafanya nini. Nne tu zilikuwa na kazi. Mbaya zaidi ni sura na plagini za kulipia ambazo mafundi wengine wanaziteremsha bure mahali pa giza. Ninyi mnajua habari ya mbegu ya sokoni isiyo na cheti cha Senasem: gunia lina jina zuri, ndani hujui kuna nini. Mule ndani ya sura za wizi mara nyingi mwizi amejiwekea mlango wake.

Na kuna njia ya tano ambayo mafundi hawaisemi, kwa kuwa haina kazi nyingi ya kulipwa. Kama siti yenu ni kurasa tano, yaani sisi ni nani, stasheni zetu, kahawa yetu, vyeti, anwani, na hazibadiliki ila mara moja kwa mwaka, hamuhitaji programu yoyote. Fundi aandike kurasa zilizo tayari, chakula kilichokwisha kupikwa. Hakuna ghala, hakuna mpishi, hakuna neno la siri la kuibiwa kwenye siti yenyewe. Kinabaki cha kulinda akaunti ya seva tu. Inafunguka haraka hata kwenye mtandao mbovu wa Bunyakiri. Vyama vingi tulivyotembelea, hii ingevitosha. Viongozi wanakataa kwa sababu wanataka kuandika habari kila juma. Tukirudi baada ya miezi sita, habari ya mwisho ni ile ya siku ya uzinduzi.

Jaribu kabla ya kulipa

Kwa ushirika ule wa Kalehe tulifanya hivi. Fundi kijana aliweka programu mbili za majaribio, SPIP na WordPress, kwenye nafasi ndogo. Tukampa mama katibu telefone yake mwenyewe na kazi moja: kutangaza kwamba stasheni itafunguliwa, na kuweka picha moja. Hatukumsaidia. Kwenye WordPress alimaliza kabla chai haijapoa. Kwenye SPIP aliandika vizuri, akakwama kwenye picha, akamaliza pia, akichelewa.

Jeranti akasema: «Basi imekwisha, WordPress.»

Mama katibu akamjibu: «Ngoja, papa. Na ile siku mimi niko na mgonjwa, nani ataandika?»

Likawa ulizo la maana kuliko yote ya siku hiyo. Walikubaliana wawe watu wawili, yeye na binti wa mwanachama mmoja aliyekuwa anasomea informatika mjini. Binti huyo atafungua siti kila mwezi kwa saa moja: kuangalia masahihisho yameingia, kuondoa maoni ya uchafu, kuteremsha nakala ya akiba, na kufungua siti kwa telefone ya kawaida kama mnunuzi. Saa hiyo inalipwa. Ushirika uliiandika katika bajeti pamoja na gharama za stasheni, na tuliona mkutano mkuu ukibishana juu ya hilo kwa muda mrefu kuliko juu ya programu. Tunaona walifanya vema kubishana.

Walichagua WordPress, na plagini tatu tu: moja ya nakala ya akiba, moja ya kuzuia wanaobisha mlangoni bila mwisho, moja ya lugha. Kifaransa na Kiingereza kwa wanunuzi, Kiswahili kwa wanachama. Kihavu walikitaka pia, ila hakuna aliyejitolea kutafsiri.

Neno dogo juu ya picha. Picha ya telefone ya leo ina megabaiti 4 hivi. Weka kumi kwenye ukurasa mmoja, mwanachama anayeufungua amekula megabaiti 40 za feza yake. Mpunguze kila picha mpaka ifike kilobaiti 200, na zote kumi zitakuwa megabaiti 2. Macho hayataona tofauti.

Majina na ramani

Hapa tunaomba msome polepole. Siti ni kitu cha kila mtu, hata cha wenye hamwatakii kujua habari zenu.

Tuliona siti ya ushirika mmoja iliyoweka hadharani orodha nzima ya wanachama: jina, namba ya telefone, kijiji, idadi ya miti ya kahawa. Waliiweka kwa nia njema, mfadhili alitaka uwazi. Lakini katika nchi yetu, orodha yenye kusema nani ana miti 1500 na anakaa wapi ni karatasi ya kumpa mwizi, na wenye silaha wanajua kusoma pia. Siti nyingine ilitangaza siku ya malipo ya wakulima na mahali. Feza taslimu, siku inajulikana, njia ni moja. Tuliwapigia simu usiku uleule ili waiondoe.

Sasa kuna sababu mpya ya kukusanya habari hizo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2023 juu ya ukataji wa misitu inamtaka mnunuzi wa kahawa ajue shamba ilikotoka, kwa vipimo vya GPS. Kwa mashamba ya chini ya hekta 4, kama karibu yote ya kwetu, nukta moja kwa kila shamba inatosha. Vipimo hivyo mtapimiwa, na mnunuzi ana haki ya kuviomba. Mpeni yeye mwenyewe, kwa njia mliyokubaliana, faili ikiwa imefungwa kwa neno la siri. Visikae kwenye ghala la data la siti, hata katika ukurasa uliofichwa, kwa sababu mwenye kuvunja mlango wa siti anachukua ghala lote. Daftari la wanachama likae kwenye ordinateri ya ndani isiyo na uhusiano na siti. Hapo ile mashini ya Papa prezida ingepata kazi, kama umeme ungekubali.

Hata picha inasema. Telefone nyingi zinaandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Kabla ya kupiga picha za mashamba, zimeni alama ya mahali katika mipangilio ya kamera. Picha ya mtu ipite kwa ruhusa yake, na ya mtoto kwa ruhusa ya mzazi.

Kwenye siti wekeni jina la ushirika, mwaka wa kuandikishwa, wilaya, mwinuko wa mashamba, namna ya kuosha na kukausha, vyeti, idadi ya wanachama kwa jumla, wanaume na wanawake, na anwani moja ya barua pepe inayosomwa kweli. Mnunuzi hahitaji zaidi ya hapo kwa siku ya kwanza.

Mkataba na fundi

Uandikwe karatasi mbili, hata kama fundi ni mtoto wa ndugu. Mkataba useme kwamba domeni na nafasi ya seva ni mali ya ushirika. Useme programu gani na plagini zipi zimewekwa, na zimetoka wapi. Fundi afundishe watu wawili, na malipo ya mwisho yatolewe baada ya wawili hao kuandika habari peke yao mbele ya komite, na baada ya fundi kuonyesha kwamba nakala ya akiba inafufuka: aifute siti ya majaribio, airudishe kutoka kwenye nakala, wote wakitazama. Fundi akikataa jaribio hilo, mwulizeni kwa nini kabla ya kutoa feza.

Nakala ziwe mbili nje ya seva, moja kwenye diski katika biro na nyingine kwenye diski nyumbani kwa mwanakomite, mji mwingine kama inawezekana. Maneno ya siri yaandikwe kwa mkono, yatiwe ndani ya bahasha, bahasha itiwe sahihi na prezida na mkaguzi wa hesabu, iwekwe katika sanduku la feza. Kila mara komite inapobadilishwa kwa uchaguzi, bahasha inafunguliwa, maneno yanabadilishwa, bahasha mpya inafungwa siku hiyo hiyo. Na tarehe ya kulipia domeni iandikwe ukutani, pale pale mlipobandika kalenda ya kupogoa na ya kunyunyizia dawa, mwezi mmoja kabla haijafika.

Vyama vyenye vinataka kufanya jaribio la programu mbili na katibu wao, waandikie biro yetu ya Bukavu wakitaja siku ambayo katibu na msaidizi wake wote wawili wanapatikana. Mje na telefone zenu, na picha moja ya kahawa.